Andika Mwenye Maziwa

Jumamosi, mwezi wa saba, Likasi. Baridi ya asubuhi inakata vidole, vumbi limeshalala juu ya meza niliyoifuta jana, na umeme umerudi. Tunaishi karibu na mabwawa ya umeme ya Koni na Mwadingusha, lakini umeme hututembelea kama mjomba tajiri: haraka, bila kuaga. Kwa hiyo ninaandika upesi.

Nimeamka na hasira. Si jambo jipya, wasomaji wangu wananijua. Ila hasira ya leo ina donge ndani yake, na donge hilo linanihusu mimi mwenyewe.

Nina majina mdogo. Kwetu, mtu aliyepewa jina lako mnaitana hivyo, majina, hata kama mmoja ana mvi na mwingine bado hajaota jino. Huyu wangu ni Kunda kama mimi. Alizaliwa hapa hapa, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, na mama yake ni Bwalya, mpangaji wa chumba cha mwisho katika lupango wetu, ua tunamoishi familia nne. Mumewe, Musonda, anachimba mawe ya shaba huko Kambove na hurudi akipata njia isiyo na kizuizi cha polisi.

Maana Bwalya na Musonda hawana karatasi. Hawana za hapa, hawana za Zambia. Bwalya alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, na mama yake amezikwa hapa Likasi. Kibemba chake na cha bibi yangu ni kimoja. Ukiwaweka wawili nyuma ya pazia, hakuna afisa duniani atakayekuambia yupi ni mgeni.

Mtoto akizaliwa ana siku tisini za kuandikishwa bure katika komuni, ofisi ya serikali ya mtaa. Zikipita, ni mahakama, hukumu, gharama na kungoja. Siku za Kunda zinaisha wiki ijayo.

Tangu azaliwe, lupango mzima umekuwa na dawa moja. Maman Odette, jirani yangu, mtu wa misa ya alfajiri kila siku, aliitoa bila kupepesa macho: "Weye njo majina yake. Muandikishe kwako. Jina ni ile ile, mutoto ni wa lupango, Mungu anajua."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo tunavyofanya hapa. Ukihesabu watoto wa mtaa huu ambao karatasi zao zina mama mmoja na chungu chao kina mama mwingine, utachoka. Ni wema, sikatai. Lakini ni wema uliofundishwa na dirisha la ofisi, na mimi sipendi kufundishwa na madirisha.

Jana tukaenda. Bwalya, mtoto, na mimi na mdomo wangu.

Sitaitaja komuni yenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto migongoni, na karani alikuwa kijana mpole mwenye sweta ya kijani. Ningependa kuwaambia alikuwa jitu katili. Hakuwa. Ukatili wa nchi yetu mara nyingi huvaa sweta na kukukaribisha kiti.

"Kadi ya mupiga kura ya mama?"

"Hana na kadi," nikasema. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu hapa.

"Ya baba?"

"Hana na kadi."

Akamtazama Bwalya, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Maman, minye sitaki kuwafukuza. Weye iko na kadi. Na weye njo majina, si ndiyo? Tuandike ni wa kwako, tumalize."

"Na hizi mvi zangu?"

"Sara wa Biblia alizaa na miaka ngapi?"

Foleni ikacheka. Hata mimi nilitaka kucheka. Kisha Bwalya akamtoa mtoto kwenye kitenge na kunipa.

Alinipa kabisa. Hakunipa kama unavyompa mtu mtoto umshikie kidogo. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akasimama kama mtu aliyemsindikiza mwenzake tu.

Karani akachukua kalamu.

Na mimi nikanyamaza.

Hilo ndilo donge. Mimi niliyebishana na mapadri, na wahubiri wa uamsho, na walimu wakuu, na polisi wa barabarani, nilisimama na mtoto wa watu mikononi, midomo imefungwa, nikiwaza: itakuwa rahisi. Itakuwa rahisi sana.

Kunda mdogo hakunyamaza. Aligeuza kichwa akanitafuta kifuani. Akapata miwani yangu inayoning'inia kwenye kamba. Akaionja, akakasirika, akalia kilio ambacho nadhani kilisikika hadi kituo cha treni. Nikambembeleza. Akazidi. Nikamtazama Bwalya. Blauzi yake ya bluu ilikuwa imelowa duara mbili, na alikuwa amekunja mikono juu yake, akibana, kana kwamba maziwa ni kosa alilokamatwa nalo.

Nyuma yetu mwanamke mmoja mnene, na mtoto wake mgongoni, akampazia karani sauti, akimwita kama tunavyowaita wakubwa wote wa ofisini: "Chef! Andika mwenye iko na maziwa!"

Ukumbi ukalipuka. "Ndiyo, chef! Ile miwani haina maziwa!" "Chef, weye ulinyonya kadi?"

Hapo ulimi wangu ukarudi. Nikamrudishia Bwalya mwanawe, akakaa kwenye benchi akamnyonyesha mbele ya watu wote, na mimi nikaanza. Nikamwambia karani kwamba sheria ya mtoto ya nchi hii nimeisoma, na inazungumza juu ya kila mtoto. Haikusema kila mtoto wa mwenye kadi. Nikamwambia cheti cha kuzaliwa si uraia, si kura, si kiwanja. Ni sentensi moja tu: huyu alizaliwa, mahali hapa, siku hii, na mama huyu. Kama sentensi hiyo ni ya kweli, iandike. Kama ni ya uongo, kwa nini ulikuwa tayari kuiandika dakika moja iliyopita, na jina langu ndani yake?

Alifunga kitabu taratibu. "Bila kadi, hapana. Rudini Jumatatu, chef wa bureau, mukubwa wangu, atakuwa hapa. Minye niko mudogo."

Nikatoka nje kifua mbele, kama mshindi. Wanawake wawili walinipigia makofi.

Bwalya hakupiga makofi. Tulitembea hadi nyumbani, na mlangoni pake akasema bila kunitazama: "Alikuwa na kalamu mukononi, maman. Alikuwa anaandika."

Akafunga mlango.

Tangu wakati huo nimekuwa nikijibishana na mlango ule. Nani aliniruhusu kuwa na msimamo kwa gharama ya mtoto wa mtu? Mimi nina kadi. Mimi hakuna atakayenipandisha lori na kunishusha Kasumbalesa, mpakani. Bwalya alipoinamisha kichwa hakuwa akimkana mwanawe. Alikuwa akihofia jina lake lisiingie katika kitabu cha serikali, mtu wa uhamiaji asije akauliza anakaa wapi. Ushujaa wangu una paa juu yake. Wake hauna.

Lakini sikilizeni, maana sijageuka bubu.

Kila siku malori ya shaba yanapita barabara kuu kuelekea mpaka ule ule aliovuka Bwalya mgongoni. Kila mzigo una karatasi yake, inayosema jiwe limetoka wapi, nani amelichimba, linakwenda kwa nani. Pengine katika mzigo huo yamo mawe aliyoyachimba Musonda. Jiwe la Musonda lina cheti cha asili. Binti wa Musonda hana.

Rudieni sentensi hiyo polepole, nyinyi mnaonitumia ujumbe kwamba wageni wanatujaza.

Wanatujaza nini? Bwalya hajui nyumba nyingine. Hakuandikishwa, kwa hiyo hakumaliza shule, kwa hiyo hana kadi, kwa hiyo mwanawe haandikishwi. Huko siko kulinda nchi. Huko ni kuzalisha watu wasiokuwepo, mama kwa binti, kisha kuwakasirikia kwa kuwepo.

Na dawa yetu ya lupango, ile ya Maman Odette? Inampa mtoto karatasi na kumnyang'anya mama. Siku Kunda atakapougua, nani atatia sahihi? Siku nitakapokufa, nani atamrithi nani? Na Bwalya atakuwa nani katika maisha ya binti yake, yaya?

Jana jioni, nilipokuwa nikipepea mkaa, Bwalya alitoka. Akachuchumaa kando ya mbabula wangu, jiko la mkaa, akapasha mikono moto. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba, ingawa mmoja wetu alistahili na haikuwa yeye.

"Nilitaka bakuandike weye," akasema. "Nilikuwa na woga. Ningekuwa yaya ya mutoto wangu, lakini angekuwa na karatasi."

"Najua."

"Halafu maziwa ikanisema mbele ya bantu bote." Akacheka kidogo, akiziba mdomo na kitenge. "Sasa nifiche nini tena?"

Maman Odette, aliyekuwa akisikiliza kutoka dirishani mwake kama kawaida, akasema atakuja Jumatatu kuwa shahidi. "Minye njo nililala naye pale zahanati. Kama banataka, nitaapa." Mkunga wa zahanati aliyemzalisha pia amekubali kuja kusema alichokiona kwa macho yake.

Kisha Bwalya akaniwekea sharti.

"Lakini, maman, Jumatatu minye njo nitasema. Weye unyamaze kidogo."

Sijui Jumatatu italeta nini. Chef wa bureau anaweza kuandika, anaweza kufunga kitabu, anaweza kupiga simu ambayo sote tunaiogopa. Akifunga, tutakaa kwenye benchi lile hadi siku tisini zikatike mbele ya macho yake, na wanawake wa foleni ile nina hakika hawatatuacha wawili. Akipiga simu, watalazimika kunipandisha mimi kwanza kwenye lori, na mimi ni mzito.

Asubuhi hii, ukuta wa chumba cha mwisho ni mwembamba na ninasikia. Bwalya anafua ile blauzi ya bluu na kujifundisha kusema. Anasema kwa sauti ndogo, anakosea, anaanza upya, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Jina la mtoto: Kunda. Alizaliwa: hapa. Jina la mama. Hapo anasimama kila mara.

Sasa hivi amelisema. Kwa sauti kubwa, hadi kuku wameruka.

Mimi nimeshaanza mazoezi yangu ya kunyamaza. Ni vita ngumu kuliko zote nilizopigana, lakini Jumatatu nitaishinda.