Jedwali Lililokatika

Jumapili, 3 Mei
Humu nitaandika yote, hata ya kuniaibisha. Leo nimesoma makala ya tatu ya kisayansi. Mwalimu wa Biolojia ameniazima kifaa chake cha kusomea vitabu, kioo chenyewe sawa na kiganja. Ni utafiti wa mbu wa bonde letu, kwa Kiingereza. Herufi kama sisimizi. Nikizikuza, mistari inahama kurasa. Nimeelewa nusu. Labda robo.

Jumatatu, 4 Mei
Kuna jedwali la watu wanaolala kwenye madungu, vile vibanda vya juu shambani, wakati wa kuamia ndege wa mpunga. Wenye chandarua wanaugua malaria zaidi kuliko wasio nacho! Nimesoma mara tatu. Nikamwambia Mama. Amecheka: "Haya, daktari. Hao watafiti si ndio waliokuja kutega mbu humu ndani? Basi wanajua."
Kesho anakwenda shambani, ng'ambo ya mto, na mdogo wangu Tumaini. Wiki tatu. Chandarua tunacho kimoja. Amesema huko hakifai, ameniachia mimi.

Jumatano, 6 Mei
Nalala ndani ya chandarua peke yangu. Kama hakisaidii, mbona sikitoi? Sijielewi.

Ijumaa, 8 Mei
Leo nilipunguza herufi mpaka zikawa nukta. Jedwali zima likatokea ukurasa mmoja. Kumbe nilipokuza, vichwa vya safu vilibaki nyuma, tarakimu zikahamia mbele, nami nikazisoma chini ya vichwa visivyo vyake. Wanaougua zaidi ni wasio na chandarua. Nimesoma kinyume.
Tumaini ana miaka minne.
Nimempigia Mama. Hapatikani, kule hakuna mtandao. Nimemweleza Mwalimu. Hakunigombeza. Amesema, "Hata mimi kioo hicho kimewahi kunipoteza. Lakini ulipoona ajabu, mbona hukuja kuniuliza?"
Nilipenda kuitwa daktari. Ndilo jibu.

Jumamosi, 9 Mei
Jirani yetu Mama Stella anakwenda shambani kesho kwa baiskeli. Dungu lake linatazamana na letu. Nimempelekea chandarua ampe Mama. "Wewe si ndiye uliyesema hakifai?" Kumbe Mama alishamsimulia. Nimemjibu, "Ndiyo, mama. Nilisoma vibaya." Amenitazama, akakipokea.

Jumapili, 10 Mei
Mama Stella ameondoka asubuhi, chandarua kimefungwa nyuma kwenye keria. Kitanda changu kinaonekana kikubwa. Kifaa kimezimwa, kipo mezani.
Ndani ya chandarua nimekunja karatasi. Makosa yangu nimeyaandika yote, kisha swali moja. Nimemwomba Mama Stella asirudi bila jibu lake.
Mama, Tumaini ameamkaje?