Aliyetumwa na Flora

Dodoma, 10 Februari 2025

Shikamoo mama. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, ila programu ninayokutengenezea ya kuwaarifu wanakikundi wako wa pamba inanitoa jasho.

Nimeifungulia akaunti ya huduma, yaani akaunti ya programu yenyewe, isiyo ya mtu. Inaingia kwa ufunguo wake, bila nywila yako, ili isome majina na namba za wanakikundi kwenye barua pepe yako ya ukatibu, kisha iwatumie ujumbe. Inaingia bila kosa lolote, halafu inaniletea majina sifuri. Kwani uliyafuta?

Mwanao,
Mayige

Ngulyati, 11 Februari 2025

Marahaba mwanangu. Goti bado, hata baiskeli sipandi.

Sijafuta kitu. Wote 163 wapo, nimewahesabu. Dawa ya pamba inagawiwa Jumamosi, siku moja tu. Msimu uliopita watu arobaini hawakupata habari, na mwenyekiti Nyanda ameshasema wakikosa tena anatafuta katibu mwingine. Mayige, kazi hii naipenda.

Hiyo programu umeiambia imetumwa na nani? Hapa ukimtuma mtu kuazima maksai, asiposema katoka kwa nani, anarudi na kamba yake.

Mama yako

Dodoma, 12 Februari 2025

Shikamoo mama. Pole na goti. Nimecheka peke yangu ofisini, maana swali lako ndilo jibu.

Programu ilikuwa inafungua daftari lake yenyewe la majina, na daftari lake ni tupu, haijui mtu. Kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa barua pepe za kikundi, nimeipa ruhusa ya kusoma majina na namba tu. Kisha nikaongeza mstari mmoja: inafanya kazi kwa niaba ya Flora, yaani wewe. Majina 163 yakashuka.

Ujumbe umekwenda: "Dawa Jumamosi saa mbili ghalani. Flora, Katibu." Mfupi, safi.

Mwanao,
Mayige

Ngulyati, 16 Februari 2025

Mwangaluka mwanangu, umeamkaje? Nimeamka salama, sauti tu ndiyo imekauka.

Ujumbe uliwafikia wote, ila hukuweka salamu. Watu wakasema Flora hawezi kuandika hivi, bila hata kuuliza ng'ombe wameamkaje. Ama anaumwa, ama simu imeibwa. Alhamisi simu haikutulia. Wasionipata wakaja wenyewe. Monika alileta uji, Shija akaleta mizizi ya kuchemsha. Kila mmoja nikamwambia kwa mdomo wangu: ni kweli, dawa Jumamosi.

Jana ghalani hakukosa hata mmoja. Nyanda alihesabu mara mbili, akasimama, akasema niendelee. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza, nikalia kidogo mbele ya watu.

Wabeja, asante sana mwanangu.

Mama yako,
Katibu