Ukurasa wa Mabawa

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na hao unaowapiga eksirei hospitalini wanaendelea kupona. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Nikikupigia simu nasikia nusu na nusu nyingine najitungia, ndiyo maana naandika.

Nina habari njema. Mchapishaji wa kitabu changu cha maradhi ya nyuki amefunga kazi na kunirudishia haki zote. Hapa chuoni wahadhiri wameanza kuviweka vitabu vyao kwenye mtandao ili yeyote avisome bila kulipa, na sisi wastaafu tumealikwa. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilikiandika kwa ajili ya wafuga nyuki, kisha kikauzwa kwa bei ambayo hakuna mfuga nyuki angeiweza. Jambo hilo limenikera miaka yote.

Tatizo ni nakala. Zangu niliwaazima wanafunzi, na unajua kitabu kikiazimwa huoa hukohuko. Ya maktaba imechanwa sura ya sita yote, michoro ya mabawa haipo. Iliyobaki nzima ni hiyo uliyonayo, aliyokuwa akiitumia mama yako. Mkutubi anasema mashine yao ya kupiga picha kurasa hupokea karatasi mojamoja, kwa hiyo watakata mgongo wa kitabu. Ni kazi ya asubuhi moja tu. Nitumie kwa basi la Ijumaa.

Baba yako

13 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Sisi huku wazima, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Wakikate mgongo? Hicho ndicho kitabu alichokisahihisha Mama kwa penseli. Michoro yote aliichora yeye kwenye meza ya jikoni, mimi nikikatazwa hata kuegemea meza. Pembeni kaandika, "Hapa umejirudia, mume wangu." Ndicho kitu pekee cha Mama nilichonacho, na unajua kwa nini ni pekee. Nilipopata tena ruhusa kazini baada ya mazishi nikarudi nyumbani, kabati lake lilikuwa tupu. Magauni, viatu, hata sweta yake ya kijani yenye kiwiko kilichotiwa kiraka, vyote ulikuwa umeshagawa. Hukuniuliza. Nikanyamaza, maana maji yakimwagika hayazoleki. Haya bado hayajamwagika.

Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe chako ni kizuri na bado unataka kukitembeza dunia nzima. Haya, kitembeze, lakini si kwa kumkata Mama vipande. Sikitumi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa ndefu na ya kujitetea.

Kila nilipofungua lile kabati, nguo zilikuwa na harufu yake na mwenyewe hayupo. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nililala nalo chumba kimoja, nikashindwa. Ni hivyo tu.

Kitabu kikae kwako. Nimemwambia mkutubi atumie nakala ya maktaba, na sura ya sita nitaiandika upya. Lakini maneno bila michoro hayatoshi. Kuna mwalimu mmoja wa chuo cha ufugaji nyuki, mbali sana na huku, ambaye hachoki kuniandikia. Anasema wanafunzi wake wanachoma mizinga mizima kwa sababu hawawezi kutofautisha bawa lililosinyaa kwa ugonjwa na bawa lililochakaa kwa kazi. Kwa hiyo nimejaribu kuchora mabawa mwenyewe. Nakutumia mchoro uone. Usicheke.

Baba yako

20 Julai

Shikamoo Baba,

Goti linasemaje? Huku tu wazima, ila nimekaa kimya mno na najua umekihesabu kimya changu.

Nimecheka. Nilijizuia nikashindwa. Baba, hilo si bawa, ni ganda la karanga. Nimelibandika ukutani jikoni, na kila mgeni anakisia lake. Jirani anashikilia kwamba ni sikio.

Mwishowe nikakitoa kitabu cha Mama nione bawa lenyewe lilivyo. Nikwambie kweli, tangu tumzike sikuwahi kukifungua. Nilikifunga kwa kitambaa nikakiweka juu ya kabati, nikajisifu kwamba ninatunza. Baba, wadudu wameingia. Wametafuna pembe za sura mbili za mwanzo, wametoboa mpaka karibu na maneno. Kumbe siku zote hizi kitabu kilikuwa na wasomaji wa bure, tena wasiojua kusoma! Nilikaa sakafuni nikalia. Nilimficha Mama asichukuliwe na watu, nikamwachia wadudu.

Basi nimekipiga picha mwenyewe, bila kukata kitu. Nimetumia siku zangu za mapumziko, karibu na dirisha, kitabu nimekilaza juu ya mto kama mgonjwa. Nilijikuta nakiambia, "Vuta pumzi, zuia, usitikisike." Sijapata kuwa na mgonjwa mtiifu kama huyo. Penseli ya Mama inasomeka yote na sijafuta hata nukta. Ukiona aibu kuambiwa umejirudia, shauri yako.

Kuna kasoro moja. Ukurasa wa mabawa uko katikati kabisa ya kitabu, na mgongo ni mgumu, ukiuachia unajifunga. Kazini kwetu mtoto asipotulia tunamwomba mzazi amshike, na pengine kidole cha mzazi hutokea kwenye picha. Picha ya namna hiyo tunairudia. Hii nimeirudia mpaka nikachoka, dole gumba langu likabaki pale ukingoni. Mwambie mkutubi alifute. Picha zote zimo kwenye flashi niliyoifunga na barua hii.

Mwanao

9 Septemba

Kitindamimba wangu,

Hujambo, mwanangu? Mimi mzima, na goti nimelisahau tangu juzi.

Kitabu kiko mtandaoni. Yule mwalimu ameniandikia kwamba wanafunzi wake walikifungua kwenye simu zao wakiwa wamesimama katikati ya mizinga, wakalinganisha bawa kwa bawa. Kuni walizokwisha kuzipanga chini ya mizinga ili waichome zimerudishwa jikoni, kwa kuwa nyuki wale walikuwa wamechoka tu. Tena wanapenda maneno ya penseli kuliko yangu. Mmoja ameuliza kama "umejirudia, mume wangu" ni sehemu ya utafiti. Nimemjibu kwamba ndiyo sehemu iliyothibitishwa zaidi.

Nakala yako ianike juani, hao wasomaji wako waondoke.

Sasa kuhusu dole gumba. Mkutubi alikuwa tayari kulifuta, akaniita nitazame kwanza. Nikamwomba aukuze ukurasa. Dole pana, kucha fupi, limepinda kidogo kwa nje. Mwanangu, hilo silo lako, ni la mama yako. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinishikia ukurasa nikimsomea, dole limelala ukingoni hapohapo. Nililia mbele ya kompyuta ya watu, na mkutubi, Mungu ambariki, akakumbuka ana vitabu vya kupanga chumba cha pili. Aliporudi nikamwambia aliache.

Nguo zake niligawa nikabaki mikono mitupu. Hiki nimewagawia walimwengu wote na bado ninacho. Kila nikifungua sura ya sita namkuta, amenishikia ukurasa.

Baba yako