Kasha la Chuma na Babu Aliyeganda

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaenda kung'oa mlango wa ofisi ya watu wa intaneti, maana mlango wenyewe nimeuona umechomelewa vibaya na hautanichukua dakika tano. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, sikurithi kitu kwa mtu, nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe pamoja na vyumba vitatu vya kupangisha huko nyuma na karakana hapo mbele, na sijawahi kununua kitu nisichokipima. Sasa hawa watu waliniuzia mwendo wa megabiti arobaini, nami nikanunua kwa sababu moja tu, binti yangu anaishi ng'ambo, kajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, na ninataka kumwona.

Simwoni. Kila siku saa mbili usiku, nikishaoga na kukaa kwenye kiti changu, napiga simu ya video, na kila siku mtoto ananigandia mdomo wazi, sijui analia, sijui anacheka, sijui anapiga miayo, nina miezi minne ya ubabu na nilichokiona mpaka sasa ni tundu la mdomo. Binti anasema, "Baba, umeganda." Namwambia, "Mimi sijaganda, niko hapa nakunywa chai, wewe ndiye umeganda." Anasema, "Baba, unakatikakatika, hebu piga tena." Mke wangu yuko pembeni anacheka mpaka anajifuta machozi, na huyo ndiye wa kunifariji.

Ingekuwa ni hilo tu ningevumilia, lakini kuna babu wa upande wa pili, baba yake mkwe wangu, karani mstaafu ambaye hajawahi kushika hata nyundo, yeye anaongea na mtoto kila asubuhi bila kukwama, na juzi binti kanitumia video fupi ya mtoto akicheka kwa sauti, nikafurahi, nikawaonyesha mpaka wateja, kumbe anacheka kwa kuwa kamsikia yule mzee kwenye simu. Binti akanieleza taratibu, "Anaijua sauti yake, Baba. Yako bado." Bado, Mshauri. Neno hilo naingia nalo karakanani asubuhi na kutoka nalo jioni.

Usidhani nimekaa tu. Nimepima. Asubuhi nikilifungua kasha kulifuta vumbi napata megabiti thelathini na nane, saa mbili usiku napata mbili. Kasha ninalosema ni la kile kifaa cha intaneti, nimelitengeneza mwenyewe kwa chuma bapa cha milimita tatu, nikalifunga ukutani sebuleni na kulitia kufuli mbili, kwa sababu kifaa ni ghali na wezi hawajaisha, matundu yake ni mawili tu ya kupitisha nyaya, hata panya hapiti. Nimeweka na kamera ya kuliangalia, pamoja na nyingine tatu za uani na getini, zote zinanitumia picha kwenye simu usiku na mchana, kwa hiyo hakuna mtu wa kuniibia nisijue.

Wapangaji nimewapa nywila, niliwaahidi intaneti imo ndani ya kodi, na ninayemshuku ni kinyozi wa chumba cha kati, kila jioni ni mpira. Nikamgongea. "Punguza mpira, bwana, namtafuta mjukuu." Akanijibu bila hata kuinuka, "Mzee, mpira gani? Kipa karuka tangu saa moja, mpaka sasa hajatua."

Watu wa intaneti wanasema saa hizo kila mtu karudi nyumbani, mtaa mzima unavuta pamoja, nijaribu asubuhi. Binti naye alishasema hivyohivyo, nipige saa nne asubuhi, mtoto anakuwa macho na amechangamka. Nikawajibu wote kwamba saa nne mimi niko kazini, sikujenga nyumba hii kwa kupiga soga asubuhi, na mtu akilipia arobaini apewe arobaini saa anayotaka yeye. Je, niwashtaki, nimfukuze kinyozi, au nitengeneze kasha kubwa zaidi lenye feni?

Babu Asiyesikika

*

Babu, pole. Pole hiyo ni ya mjukuu, itunze vizuri, kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Kifaa cha intaneti kazi yake ni kurusha mawimbi hewani, na mawimbi hayapiti kwenye chuma. Wewe umechukua kitu ambacho kazi yake ni kutoka, ukakifungia, ukatia kufuli mbili, kisha unaniuliza mbona hakitoki. Na umeandika mwenyewe: kasha wazi thelathini na nane, kasha limefungwa mbili. Mteja akikuletea vipimo kama hivyo vya geti lake utamwona hana akili. Mtandao wako umeutia jela, ukauwekea askari, na askari wenyewe wanakula chakula cha mfungwa. Kamera nne zinapitisha picha kwenye njia ileile ambayo uso wako unatakiwa upite. Saa mbili usiku, wakati binti anasema umeganda, mtandao uko kazini unakuonyesha kasha.

Kinyozi mwache. Ulimpangisha kwa ahadi, naye anaitumia ahadi, tena anaitumia kwa shida. Ukipita kwake kesho, mwombe radhi kwa niaba ya kipa.

Ng'oa kasha. Kifaa kiweke juu ya kabati, mahali pa wazi, pasipo chuma. Bakisha kamera ya getini, nyingine zirekodi kwenye kadi zake humohumo bila kutuma kitu. Kisha mwite mtu wa intaneti akugawie mtandao, wapangaji wawe na fungu lao nawe la kwako. Ukimaliza hapo ndipo upime saa mbili usiku, siku kadhaa, na kama bado hali ni mbaya wapelekee watu wa kampuni hivyo vipimo na uwabane, maana msongamano wa jioni walitakiwa wakuambie kabla ya kukuuzia arobaini. Lakini usiende kabla ya kung'oa kasha. Watakucheka, nami nitawasaidia.

Sasa lililobaki, ambalo halina megabiti. Binti alikupa saa nne asubuhi, ukaikataa. Yule karani unayemdharau hajakuzidi mtandao, amekuzidi asubuhi. Unasema hajawahi kushika nyundo. Sawa, mkono wake ulikuwa na nafasi ya kushika simu. Mtoto wa miezi minne hajui nani kajenga nyumba na nani karithi. Anajua nani kaja.

Kwa hiyo kesho saa nne zima mashine. Geti la mteja halina miguu, utalikuta. Sogea nje ya karakana penye mwanga, mpigie binti yako, na mjukuu akitokea usianze kueleza habari za watu wa intaneti. Mwite tu, umwite tena, mpaka ageuke.

Na kabla hujapiga, vua kofia yako ya kuchomelea, ile ya kufunika uso mzima. Mtoto sauti yako bado haijui. Asije akadhani babu yake ni kasha lingine.