Mvua ya Julai Kule Rwamgasa

S.L.P. 318,
Shinyanga.
Jumapili, 15 Agosti 1999

Mpendwa kaka Kalisti,

Shikamoo. Na kwa kuwa najua hapo Pune, India, hakuna wa kukusalimia kwa lugha ya nyumbani, pokea na mwadila mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika ya huko kimepona? Mama anasema uache kuoga maji ya baridi, nami nilimwahidi nitakuandikia hivyo, basi umeambiwa.

Sisi huku hatujambo. Mwanangu Blessing ameota meno ya mbele na anang'ata kila anayemkaribia, hata katekista. Yule ng'ombe wako mwekundu aliyeko Samuye amezaa ndama jike. Mama amempa jina la Pune, ati ili asikusahau, na majirani wamechoka kuuliza maana yake.

Kaka, nakuandikia situlii. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kuangalia maharage ambayo hata hayajachemka, nimerudi. Kesho asubuhi natakiwa kumpelekea Umesh karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama mjomba Mabula atabaki na kazi yake. Naogopa. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe unasomea kompyuta na huenda ukanielewa kuliko watu wa hapa.

Unakumbuka kampuni ya ujenzi niliyoajiriwa ukarani. Mzee amemwachia mwanawe Umesh, na Umesh amenunua programu ya kompyuta ya kuendeshea kazi zote. Zamani kila saiti ilikuwa na dini yake. Isaka waliomba saruji kwa mdomo, Samuye kwa kikaratasi, na Rwamgasa, ambako mjomba ndiye msimamizi, walichukua kwanza wakaeleza baadaye. Sasa njia ni moja. Msimamizi anaomba kwa redio, mimi naingiza kwenye mashine, Umesh anaidhinisha, lori linaondoka. Sikufichi, niliipenda. Mwaka jana saruji iliganda pale Isaka kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ndiye wa kuipokea. Mwaka huu hakuna aliyelaumiana na mtu.

Shida ilianza asubuhi moja ya Julai. Mjomba aliita kwenye redio kwa ile sauti yake ya kuswaga ng'ombe.

"Mpwa wangu, leo majembe yamelala. Mama yake Ndaki ametutoka. Ova."

Ndaki ni mmoja wa wachimba msingi wake. Na wewe unajua kwetu, siku kijiji kinapozika hakuna anayetia jembe ardhini ila kaburini. Lakini programu, kazi ikisimama, inataka sababu, na sababu ilizonazo ni nne tu: mvua, mashine kuharibika, vifaa kuchelewa na ajali. Usipochagua mojawapo haikuruhusu kuendelea. Nikamwuliza mjomba nichague ipi. Redio ikakoroma kidogo.

"Weka mvua," akasema. "Mvua haigombani na mtu."

Nikaweka mvua. Mwezi ule ulikuwa mbaya kaka, vijiji vya kule vilizika sana, leo mzee, keshokutwa mtoto. Na mjomba hasimamishi kazi siku ya maziko peke yake, anasimamisha na siku za matanga. Kila mara mvua. Umesh alipoona mvua zimezidi akapakia lori zima la maturubai yakafunike saruji. Dereva aliyapeleka, akarudi ana vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Juma lililopita akaja mhandisi mzungu wa mradi wa dhahabu, kuuliza kwa nini nyumba za wafanyakazi wake zimechelewa. Umesh akamgeuzia kioo cha kompyuta kwa fahari, akamwonyesha: mvua, mvua, mvua. Yule mzungu akaangalia, akachungulia gari lake dirishani lilivyojaa vumbi, akacheka mpaka akavua miwani. Umesh alibaki ameshika kiti.

Mgeni alipoondoka nilimweleza Umesh ukweli wote. Heri angefoka. Alikwenda kunawa uso, akarudi.

"Justa, mimi sikatai watu kuzika," alisema. "Lakini kila saiti ikiwa na mazishi yake, hii siyo kampuni tena. Msiba nitauingiza kwenye mashine. Wewe niandikie ndugu wa karibu ni nani na nani, basi. Nje ya hao, kazi inaendelea. Mabula akivuka hapo, naleta msimamizi kutoka Mwanza."

Kwa hiyo tangu Ijumaa naandika ndugu. Nimeandika mama, nimeandika baba, nikakwama hapo hapo kwenye baba. Umesh anajua baba mmoja. Mjomba ana baba mkubwa, baba wadogo, na wale wa ukoo wanaoitwa baba kwa heshima. Akianza kuwazika wote Umesh atasema tunamdanganya tena. Nikiandika mama aliyekuzaa tu, kwa mjomba mama yake Ndaki yuko nje, naye ndiye aliyewapa wanaume wote wa saiti maji ya kisima chake tangu siku ya kwanza. Mjomba angemzika kwa vyovyote. Watu ni kuzikana, na asiyekwenda kwa wenzake atabebwa na nani?

Halafu nikafika kwako. Wewe ni mtoto wa mama mdogo. Tumelala mkeka mmoja Samuye, umenifundisha kusoma, lakini katika orodha ile sikupata pa kukuweka. Niliona uchungu kaka, hata kalamu nikaitupa chini.

Basi nimeichana. Nimeandika kanuni moja kwa saiti zote: siku kijiji ilipo saiti kinapozika mtu wake, hakuna kuchimba, siku hiyo moja tu, na itafidiwa Jumamosi mchana. Nafasi ya kutaja marehemu ni nani kwa mfanyakazi nimeifuta. Umesh akiuliza nitamkumbusha alivyofariki baba yake, mzee Pranlal, mtaa mzima wa maduka ulifungwa, hata Tahera ambaye ni Mwislamu alifunga duka lake, na hakuna aliyeulizwa ni nani kwa marehemu.

Ila matanga nimemnyima mjomba, naye bado hajui. Kesho nitamwita kwenye redio kabla Umesh hajafika. Unamjua alivyo mbishi, anaweza kutupa kofia na kurudi Samuye kuchunga. Na Umesh naye anaweza kuichana kama nilivyoichana ile ya kwanza. Ningependa sana kungoja ushauri wako, lakini barua hii itakapokufikia mambo yatakuwa yamekwisha, na wewe utakuwa unahangaikia jambo ambalo huku tumeshalisahau au tumeshalilia.

Mama anakusalimu, na mama mdogo anasema anaota unakonda. Limi wa jirani anauliza kama utarudi na mke wa Kihindi. Mimi nimemjibu sijui, utamjibu mwenyewe.

Ukila, kumbuka kuna watu huku wanaokutaja kabla ya kula. Mungu akutunze na akurudishe mzima, ndugu yangu wa karibu.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Justa