Fimbo Iliyokohoa

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako, yule uliyembandika jina la Sindano kwa sababu ya udogo na kuchoma. Natumaini jicho lako lililobaki halikusumbui, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Mimi sijambo, ila mgongo unauma kwa kumgeuza Baba kitandani. Ndiyo, nimemtaja Baba. Katika barua zako za miaka tisa umesalimia hadi paka wa jirani, lakini yeye hujamtaja hata mara moja.

Kiharusi kilimpata mwezi uliopita akiwa anafagia ukumbi wa mazoezi. Upande wa kulia umelala kabisa, mkono uleule uliokuwa ukizungusha upanga wa mbao mpaka watoto wa mstari wa mbele wanafumba macho. Sasa namlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu. Daktari ametuambia tusijipe matumaini makubwa. Kila mlango ukigongwa, Baba anauliza kama ni wewe. Namwambia ni seremala wa chini amekuja kumjulia hali, naye anageukia ukutani.

Ukumbi bado upo palepale juu ya karakana, na vumbi la mbao bado linapanda hadi kwenye mikeka ya sponji. Nafundisha watoto mateke na ngumi tu. Ukutani imebaki misumari mitupu. Unakumbuka palivyokuwa pamejaa: mkuki wa Kichina wenye shada jekundu, nanchaku, vile vijiti viwili vilivyofungwa mnyororo, na miundu ya Okinawa, vijiti vya henzerani vya Wafilipino, upanga wa mbao wa Kijapani, na katikati ya vyote fimbo ndefu. Baba alikuwa akituhubiria kwamba nyingi ya silaha zile zilianza zikiwa zana za kazi, mikononi mwa watu wanyonge. Mimi nilikuwa nacheka moyoni, maana zana niliyopewa mimi ilikuwa ufagio.

Nilikuwa na kinyongo, kaka, tena cha muda mrefu. Fimbo ndefu niliishika nikiwa na miaka tisa, na ni mara ngapi nilikubwaga chini, wewe mwenyewe unajua. Lakini ilipofika siku ya maonyesho, siku ambayo Baba alikusudia kukukabidhi ukumbi mbele ya walimu wageni, mimi nilipangiwa kupanga viti na kukagua silaha. Baba aliniambia hiyo ni heshima, kwa sababu nina masikio mazuri. Masikio! Nilimwitikia vizuri, nikaenda kulia chooni.

Sheria yake unaijua. Hakuna anayekagua silaha yake mwenyewe. Mwenzake anaigonga sakafuni mara tatu, anasikiliza, kisha anamkabidhi kwa mikono miwili na kusema kwamba ameikagua. Mti mzima hulia, mti wenye ufa hukohoa. Na mkaguzi akishasema, hakuna wa kumhoji mbele ya wageni, hata Baba mwenyewe, kwa sababu kumhoji ni kumvua nguo hadharani.

Siku ile ulisimama na fimbo, Baba akakukabili na upanga wake wa mbao. Pigo la kwanza ulilikinga, la pili ulilikinga, la tatu fimbo ikakatika na kibanzi kikaingia jichoni. Kule hospitali ulisema Baba alipiga kama mtu asiyetaka kuachia kiti chake. Naye hakujitetea. Alikiri mbele yetu sote kwamba alizidisha nguvu, akarudi ukumbini, akaziteremsha silaha zote na kuzifungia sandukuni. Wewe ukahama, ukajifunza kutengeneza saa, na watu wakatania kwamba fundi saa hahitaji zaidi ya jicho moja. Mimi sikuthubutu kucheka.

Kaka, fimbo ilikohoa. Niliigonga mara tatu, ikakohoa mara tatu, nikakupa kwa mikono miwili na kusema nimeikagua. Miaka yote hii nimejifariji kwamba sikusema uongo, kwa sababu kuikagua niliikagua. Nilitaka ikukatikie mikononi, wageni wakucheke, Baba aone amechagua nani. Kibanzi sikukiwaza. Jicho lako sikuliwaza kabisa.

Juzi, nikimbadilisha shuka, nilishindwa kuvumilia nikamweleza Baba yote. Nilitegemea anilaani. Badala yake aliniambia, kwa ulimi wake mzito, kwamba alikuwa anajua. Alisimama hatua sita tu kutoka kwangu, naye aliisikia. Lakini nilikuwa nimeshatamka mbele ya wageni, akaona asiniaibishe wala asivunje sheria yake mwenyewe. Akaazimia kupiga polepole hadi mwisho. Mapigo mawili aliyazuia. La tatu mkono ulijipigia wenyewe kama ulivyozoea.

Akaniomba kitu kimoja. Yangu nikwambie nikitaka, lakini yake nimwachie aende nayo kaburini. Ukija, anataka umkasirikie kwa lile unalolijua, la nguvu nyingi, si kwa hili. Nilimalizia kutandika, nikakaa mezani kuandika, kwa sababu nimechoka kusikia na kunyamaza. Ulipewa fimbo ile mbele ya watu wawili waliodai kukupenda, na wote wawili tulisikia.

Sikuombi unisamehe, na sijui kama ningekuwa wewe ningekuja. Ila ukija, usihangaike kubisha hodi. Mwili wake umekwisha, lakini masikio bado ni yaleyale, na kila anayepanda ngazi, Baba anamsikiliza kuanzia chini.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Baba hajui kama nimeandika, kwa hiyo hana salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano