Kabla Hujamchukua Mama

Viwanja vya Juu,
9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima, shemeji pia, na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Mama linalomsumbua kila asubuhi. Cherehani yangu bado inanilisha.

Simu yako ya juzi niliisikia yote, maana Mama husikiliza kwa spika. Sikukusalimia kwa kuwa nilikuwa na pini mdomoni. Huo ndio udhuru niliompa Mama. Ukweli ni kwamba wivu ulinishika hadi nikashona mkono wa blauzi ya mteja kinyume.

Wewe uliondoka mapema, kwa hiyo acha nikukumbushe. Dalali alitupakia kwenye basi la kukodi, akatutembeza nyasini kwenye vibao vilivyopakwa rangi: hapa shule, hapa zahanati, hapa soko. Akatukunjulia ramani yenye barabara pana na mabomba ya buluu. Mama akasema tununue viwanja viwili vinavyopakana, mimi na wewe. Mimi nikanunua. Wewe ukasema utasubiri uone maji kwanza, ukalipia chuo cha uuguzi. Tulikucheka, tukakuita mwoga. Kumbe kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Basi tukajenga kwa kuifuata ramani. Kila mtu aliuelekeza mlango wake wa mbele kwenye barabara kuu, ili wapitao waone. Barabara haikuja. Mpaka leo milango yetu mizuri inatazama kichaka, na wageni huingilia jikoni. Mimi nilijifanya mjanja zaidi, nikafunga na sinki kabisa.

Kila tulipomfuata dalali alisema kesho, tukampachika jina hilo. Siku moja Kesho akahama na ofisi yake. Kule halmashauri wakatuambia ramani ile hawajawahi kuiona. Majirani wakaanza kung'oa mabati na kuondoka. Tumebaki kaya tano, na kibao cha zahanati tulikwisha kukipikia.

Maji tunanunua ya mkokoteni, na mvua ikinyesha mkokoteni haupandi. Mama anaoga kikombe kwa kikombe, wala halalamiki.

Halafu wewe unatuma picha uko jikoni kwako, koki nyuma yako inamwaga maji na hakuna anayeyakinga! Mama alinituma nikaichapishe, akaibandika juu ya sinki langu kavu. Kama anakutazama wewe au anayatazama maji, sijamuuliza.

Na sasa unamtaka Mama. Mimi ndiye niliyemkanda goti, niliyebeba ndoo, niliyemfulia. Wewe unakuja na chumba chenye bafu ndani, na kwa simu moja umekuwa mtoto mwema. Naona gere, mdogo wangu, na ninasema wazi nisije nikapasuka.

Jumapili nilikaa nikuandikie kwamba goti halimruhusu kusafiri. Nikasikia mtu anaimba chumbani. Nilidhani ni redio ya jirani. Tangu tuhamie hapa sijawahi kumsikia Mama akiimba. Nikaweka kalamu, nikaenda kumuuliza ana nini leo. Alikuwa anakunja nguo zake. Akakaa kitandani, akaniambia bila kunitazama: "Mwanangu, nimechoka siku nyingi. Nilikuwa naona haya kusema, kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia ununue."

Nilimsaidia kukunja.

Kwa hiyo njoo umchukue. Usimtumie tiketi, njoo mwenyewe, maana mimi sitaweza kumfikisha stendi halafu nirudi kwenye nyumba hii peke yangu.

Nisalimie shemeji. Mtoto mwambie mama mkubwa anamkumbatia, na bibi yake yuko njiani. Jirani yetu fundi bomba, ambaye hapa hana bomba la kufunga, naye anakusalimu. Mungu awalinde na kuwazidishia heri, nami aniondolee kijicho taratibu, asiharakishe.

Ni mimi nikupendaye hata hivyo,
Dada yako.